Mabishano ya Shuleni: Je, ni Haki Kumpa Mtoto Upande Asiouamini?

Lipo swali moja ambalo wazazi wengi huwauliza waalimu wanaofundisha siasa, yaani mambo ya utawala wa nchi na wajibu wa raia, nalo lastahili jibu la uangalifu. Mwalimu huwagawa wanafunzi wake pande mbili. Hawa huwaambia, "Ninyi mtaikubali hoja", na hawa, "Ninyi mtaipinga." Haulizi kwanza ni nani aaminiye nini. Basi mtoto aliyepewa upande asioupenda husimama mbele ya wenziwe, akatoa sababu ya kwanza na ya pili na ya tatu, hata wasikilizaji wakapiga makofi. Mzazi akipata habari hiyo hushika tama. Tangu utotoni twamwambia mwana aseme kweli. Je, tumempeleka shule ili azoezwe kusema neno lisilo moyoni mwake?

Kabla ya kujibu, na tuitazame desturi yenyewe, maana wako wasomaji ambao hawajapata kuiona. Mabishano haya, ambayo siku hizi huitwa mdahalo, huanza kwa hoja moja iliyoandikwa kwa maneno machache na wazi. Huchaguliwa mwenyekiti wa kulinda utaratibu, na mtu wa kuangalia saa. Msemaji wa kwanza wa upande wa kukubali husema dakika alizopewa, kisha huketi. Hufuata msemaji wa upande wa kupinga. Na hivyo kwa zamu hata wasemaji wote waishe. Hakuna ruhusa ya kumkatiza mwenzio, wala kumtukana, wala kulitaja kabila lake au umaskini wa nyumba yao. Mwisho wasikilizaji huinua mikono, nayo huhesabiwa.

Sasa, watu wanaoichukia desturi hii si wajinga, wala hawakuanza leo. Miaka mia nne na zaidi kabla ya Kristo alikuwako mwalimu wa Kiyunani jina lake Protagoras, ambaye alifundisha katika mji wa Athene. Yeye alisema kwamba juu ya kila jambo ziko hoja mbili zinazopingana, akawazoeza vijana kuzisema zote mbili. Watu wazima waliingiwa na hofu. Mwaka 423 kabla ya Kristo mtungaji wa michezo, Aristophanes, aliwaonyesha wenyeji wa Athene mchezo uitwao Mawingu. Ndani yake mzee mmoja aliyelemewa na madeni ampeleka mwanawe kwa waalimu wa maneno, apate kujifunza hoja za kuwashinda wadai. Kijana ajifunza vizuri mno. Arudi nyumbani, ampiga baba yake, kisha amthibitishia kwa hoja kwamba ni haki mwana kumpiga baba. Ni mchezo wa kuchekesha, lakini kila mzazi aweza kuielewa hofu iliyomo.

Hata katika siku zilizo karibu zaidi nasi, wakuu wa nchi wamelilaumu jambo hili. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1901 hata 1909, aliandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1913. Humo alisema kwamba hayapendi kabisa mashindano ambayo kijana hupewa upande pasipo kuangaliwa kama auamini au hauamini. Alitaka vijana watoke shuleni wakiipenda haki kwa nguvu zao zote. Hakutaka watoke na ulimi ulio tayari kuitumikia haki leo na dhuluma kesho, kadiri ya faida inayoonekana.

Tena, katika nchi hiyo hiyo ya Marekani, mwaka 1954, vyuo vilipewa hoja moja ya kushindania nchi nzima: Kwamba Marekani iitambue serikali ya Kikomunisti ya China. Chuo cha jeshi la nchi kavu kilichoko West Point, na kile cha wanamaji kilichoko Annapolis, viliwakataza wanafunzi wao wasiingie katika mabishano hayo. Wakubwa waliona si vema kijana atakayekuwa askari asikiwe akitetea neno lililopingana na shauri la nchi yake. Waalimu wengine waliwaunga mkono, na wengine waliwapinga, wakaandikiana miaka kadhaa juu ya swali hili hili linalotusumbua sisi. Nasi twajua jinsi mambo yalivyokwisha: tarehe 1 Januari 1979 Marekani yenyewe iliitambua serikali ile. Neno ambalo vijana walikatazwa hata kulijaribu kwa ulimi, baada ya miaka 25 likawa shauri la nchi. Simaanishi kwamba kila neno linalokatazwa ni kweli. Nasema tu kwamba askari waliokatazwa kulifikiri hawakupata kujua mapema uzuri wake wala ubaya wake.

Basi na tuanze na shtaka zito kuliko yote, kwamba huu ni uongo. Sikukuu ya Noeli inapofika, vijana wetu huigiza habari za kuzaliwa kwake Bwana. Lazima mmoja awe Herode. Kijana huyo huvikwa taji la karatasi, hukunja uso, huwatuma askari wake Bethlehemu kwa sauti ya kutisha. Baada ya hayo hakuna amwambiaye kwamba ni mwuaji au kwamba ni mwongo. Kwa nini? Kwa sababu uongo hauwi uongo kwa kutamka tu neno lisilo moyoni. Mwongo ataka mwenzake adanganyike. Kanisani wote wajua kwamba yule si Herode. Hali kadhalika darasani wote wajua kwamba pande ziligawanywa na mwalimu, naye kijana hakuzichagua. Hakuna aliyedanganywa juu ya moyo wake.

Walakini mfano huo haumalizi neno, wala sitaki kumshinda mzazi kwa mfano mwepesi. Kijana anayemwigiza Herode hataki mtu awe mfuasi wa Herode. Kijana wa mabishano ataka sana wasikilizaji wainue mikono upande wake. Ulimi hauna mfupa. Ukizoezwa kupinda kila siku, waweza kusahau kunyoka. Nasi twawajua watu wa namna hiyo. Wako wasemaji ambao jana walisimama jukwaani kusifu jambo, na leo, kwa kuwa mkono uliowalisha umebadilika, walilaani kwa ufasaha ule ule. Mtu akisema kwamba shule inayofundisha mabishano bila uangalifu yaweza kuzaa wasemaji wa kukodiwa, asema kweli, nami sina la kumpinga.

Kama ni hivyo, kwa nini tusiache? Hapo yafaa nieleze habari moja ya zamani, ambayo haikuwa mchezo.

Mwaka 427 kabla ya Kristo watu wa mji wa Mitilene, ule mji ambao baadaye Mtume Paulo alipita katika safari yake, walikuwa wameuasi utawala wa Athene, nao wakashindwa. Watu wa Athene wakakusanyika katika mkutano wao, ambamo raia ndio waliokata mashauri. Kwa hasira yao waliazimu kuwaua wanaume wote wazima wa Mitilene, na kuwafanya wanawake na watoto kuwa watumwa. Siku ile ile wakatuma merikebu kumpelekea amri Paches, jemadari wao aliyekuwa huko. Hata siku ya pili wengi waliona moyoni kwamba shauri lile lilikuwa kali kupita kiasi, kuuangamiza mji mzima pasipo kuwatenga wenye hatia. Na mkutano ukaitwa tena.

Thucydides, mwandishi wa habari za vita ile, atueleza waliyoyasema wawili. Cleon alisema amri isibadilishwe, kwa maana watu wanaogeuza mashauri yao kila siku hawawezi kutawala wengine, na huruma kwa maadui ni hasara. Diodotus akasema kwamba haraka na hasira ni adui wa shauri jema. Akawaonyesha kwamba mji ukijua kuwa hauna tumaini la kusamehewa, utapigana hata mtu wa mwisho, na Athene watapata magofu badala ya kodi. Tena wakiwaua wasio na hatia pamoja na wenye hatia, watu wa kawaida wa miji mingine, ambao ni rafiki zao, watakuwa maadui. Mikono ilipoinuliwa ilikuwa karibu sawasawa, lakini Diodotus alishinda. Merikebu ya pili ikatumwa kwa haraka. Wapiga makasia walikula wakiwa wanapiga makasia, wakalala kwa zamu. Paches alikuwa amekwisha kuisoma ile amri ya kwanza, naye alikuwa karibu kuitimiza, merikebu ya pili ilipofika. Mji ukaokoka, ijapokuwa wale waliohesabiwa kuwa vichwa vya uasi waliuawa.

Wengi huisimulia habari hii ili kusifu ufasaha. Mimi siioni hivyo. Cleon naye alikuwa msemaji hodari, na ufasaha wake ulikuwa karibu kuua mji. Tena Thucydides asema kwamba Diodotus alikuwa amekwisha kusema siku ya kwanza pia, akalipinga shauri lile, wala hakusikilizwa. Kumbe siku ya kwanza hapakukosekana msemaji. Palikosekana masikio. Watu walewale waliohesabu mikono kwa hasira jioni moja, kesho yake walikaa wakampima kila msemaji kwa sababu zake, na maisha ya maelfu yakategemea tofauti hiyo.

Hiyo ndiyo maana ya kumpa mtoto upande asiouamini. Hatumpi ili ulimi wake upate pa kuchezea. Twampa kwa sababu hakuna awezaye kutetea neno pasipo kulisikiliza kwanza. Mtu akiwa katika upande wake mwenyewe, husikia maneno ya mwenzake kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati: ajua kuna sauti, lakini hahesabu matone. Mwambie kwamba siku saba zijazo yeye ndiye atakayeyasema maneno yale mbele ya watu, naye atatafuta magazeti, atamwuliza mjomba wake aliye wa upande ule, atajiuliza kwa nini watu wenye akili na wacha Mungu wameyakubali. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Na siku hizo saba mtoto huyu huona jinsi mwenzake anavyovuta, na kwa sababu gani.

Sasa wako wengine wenye shtaka la namna nyingine. Wao husema, "Desturi hii si yetu. Mwalimu Julius Nyerere alipoandika mwanzoni mwa miaka ya 1960 alisifu jinsi wazee wa Kiafrika walivyokaa chini ya mti mkubwa wakazungumza hata wakapatana. Hawakugawana pande, wala hawakuhesabu mikono, wala hapakuwa na mshindi. Ninyi mwawafundisha watoto kushindana badala ya kupatana." Shtaka hili nalipenda, kwa kuwa linatukumbusha kwamba mwisho wa maneno ni kuishi pamoja. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini kupatana huko kulikuwa na sharti moja, kwamba kila mwenye neno alitoe. Palipokuwa na mzee mwenye nguvu, na vijana na wanawake wakaketi nyuma kimya, mara nyingine yaliyoitwa mapatano yalikuwa ukimya tu wa walioogopa. Katika mabishano ya darasani msichana mnyonge anayekaa pembeni ana dakika tano zake, na mwenyekiti atamnyamazisha hata mtoto wa mkubwa ili zisipungue.

Wala kuhesabu mikono si mwisho wa kufikiri. Katika Tanzania, iliyokuwa na chama kimoja kwa sheria tangu mwaka 1965, Rais Ali Hassan Mwinyi aliteua tume mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize watu kama nchi iendelee hivyo au iwe na vyama vingi. Katika waliotoa maoni, karibu wanne wa kila watano walitaka chama kimoja kiendelee. Walakini tume haikuishia katika hesabu. Ilizipima sababu za wale wachache pia, ikashauri vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Msomaji aweza kuona kwamba tume ilifanya vema, au kwamba ilipaswa kuwafuata wengi. Hoja hiyo yenyewe yafaa sana kwa mabishano. Lakini hakuna atakayeipima kazi ile kwa haki kama hajajifunza kwamba wachache nao huwa na sababu.

Je, yawezekana basi kuyaunganisha haya mawili, mabishano ya pande mbili na baraza la wazee? Naamini yawezekana. Ndugu wawili wa Marekani, David Johnson na Roger Johnson, waalimu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, tangu miaka ya 1970 waliutengeneza utaratibu ambao waalimu wengi wameufuata. Nitaueleza kwa mfano, ili mwalimu wa kijiji aweza kuujaribu pasipo gharama.

Wanafunzi wanne huketi pamoja, wawili upande huu na wawili upande huu. Hoja ni hii: Kila raia aamriwe kwa sheria kupiga kura. Wawili wa kwanza hujitayarisha kuikubali. Hutaja habari ya Australia, ambako katika uchaguzi wa mwaka 1922 hawakufika watu 60 katika kila 100 walioandikishwa. Sheria ya kulazimisha ikapitishwa mwaka 1924, na katika uchaguzi wa mwaka 1925 wakapiga kura zaidi ya 91 katika kila 100. Husema kwamba wakichagua wachache, viongozi huwaangalia wachache. Na maskini ndio wa kwanza kubaki nyumbani, kwa hiyo ndio wa kwanza kusahauliwa. Wawili wa pili hupinga. Husema kwamba kura ya mtu aliyekokotwa yaweza kutiwa alama bila kufikiri; kwamba mwenye haki ya kusema ana haki ya kunyamaza; na kwamba faini, hata ikiwa ndogo, humwuma zaidi yule mama ambaye siku ya uchaguzi alikuwa na mgonjwa. Kila upande hueleza sababu zake wakati wenzao wananyamaza na kuandika. Kisha huulizana maswali.

Baada ya hapo huja jambo ambalo mashindano ya kawaida hayana. Wanabadilishana. Walioikubali hoja sasa huipinga, na waliopinga huikubali, kila mmoja akijitahidi kuzisema sababu za wenzake vizuri kama walivyozisema wenyewe, au kupita. Hapo hakuna awezaye kumcheka mwingine, kwa maana wote wamepita njia zote mbili. Na mwisho, pande zote mbili huwekwa chini. Wale wanne, wakisema sasa kila mtu neno la moyo wake, hutafuta neno ambalo wote waweza kuliandika pamoja. Huenda wakaandika kwamba kabla ya kumtoza mtu faini yapasa kwanza vituo vya kura viwe karibu na watu, na uchaguzi ufanywe siku ambayo wengi hawana kazi, kama Australia wafanyavyo Jumamosi. Huenda wasipatane, wakaandika wazi ni wapi walipoachana na kwa nini. Ndipo hao wanne wamefika chini ya ule mti mkubwa, na hakuna aliyenyamazishwa njiani.

Nimeuona utaratibu huu ukifanya kazi darasani. Msichana mmoja, mwenye maneno makali, alipewa kutetea jambo alilolichukia. Saa ya kusema neno la moyo ilipofika alisema, "Bado silikubali. Lakini sitamwita tena mpumbavu anayelikubali." Kwangu hilo ni tunda kubwa kuliko mikono yote iliyoinuliwa.

Lakini nimekiri kwamba hatari ipo, basi sina budi kutaja mipaka. Naona ni mitano.

Kwanza, si kila neno lafaa kubishaniwa. Yako mambo ambayo watu wema huachana, kama kodi, namna ya kupiga kura, au fedha ya kijiji ijenge kwanza zahanati au darasa. Hayo yafaa. Lakini kama kabila fulani wana haki ya kuishi miongoni mwetu, au kama utumwa ulikuwa jambo jema, hayo si ya kupigiwa makofi. Hoja ya namna hiyo humwumiza mtu aliyemo chumbani, ambaye utu wake umewekwa mezani kama bidhaa.

Pili, mwanafunzi azoezwe kusema, "Upande wetu waleta sababu hii," wala asiseme, "Mimi naamini," ila katika saa ile ya mwisho. Neno "naamini" tulitunze lisichakae, ili siku atakapolisema watu wajue kwamba ni lake.

Tatu, upande waweza kuazimwa, lakini habari haziazimwi. Mtoto akitaja hesabu, aseme aliipata wapi. Akibuni hata moja, upande wake uhesabiwe umeshindwa papo hapo, hata kama makofi ni mengi. Hapo ndipo uongo halisi huingia, nao usipate mlango.

Nne, mwalimu ajiangalie mwenyewe. Aweza kulipotosha jambo zima pasipo kusema neno, kwa kuwapa wasemaji dhaifu upande anaouchukia yeye. Huo ni udanganyifu uliovikwa joho la utaratibu. Agawe pande kwa kura. Na wanafunzi wakimwuliza yeye aamini nini, asilifiche wala asilitangulize. Alitoe mwisho, pamoja na sababu zake, nao waruhusiwe kulipinga kwa adabu.

Tano, kila mabishano yamalizike kwa ile saa ya neno la moyo. Shule inayompa mtoto upande wa kutetea, kisha ikapiga kengele na kumruhusu aende kucheza, imemwazima ulimi wake bila kumrudishia. Hapo Roosevelt na yule mzee wa mchezo wa Athene watakuwa na haki ya kutulaumu.

Mtu aweza kuuliza, haya yote ni ya nini kwa watu wa kijijini, ambao wengi hawatakuwa wabunge wala mawaziri? Nitajibu kwa sheria iliyopo. Katika Tanzania kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake. Tena kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi pasipo kibali cha mkutano huo. Basi yule mtoto mwenye miaka 14 leo, baada ya miaka minne tu, atakaa katika mkutano ambao waweza kukubali au kukataa kutoa bonde ambalo babu zake walilima. Atasimama mtu mwenye maneno matamu, na suti nzuri, na ahadi ya barabara. Huenda ahadi yake ni ya kweli, huenda si ya kweli. Wengine watapiga vigelegele kabla hajamaliza. Wengine watamzomea kabla hajaanza. Hao wote ni watu wa Athene wa siku ya kwanza.

Kijiji kile kitahitaji wachache watakaosema, "Ngojeni. Tumesikia upande mmoja. Wanaopinga wana sababu gani? Na kama hayupo wa kuzisema, mimi nitazisema, kisha tuzipime." Mtu wa namna hiyo hazuki siku ya mkutano. Hutengenezwa polepole, kwa kupewa mara nyingi kazi ngumu ya kulibeba neno la mwenzake kwa uaminifu.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazazi ni hili. Ndiyo, ni haki kumpa mtoto upande asiouamini, mradi wote wajue kwamba amepewa, mradi habari atakazozileta ziwe za kweli, na mradi asiondoke kabla hajaulizwa neno lake mwenyewe. Mwalimu asiyeyatimiza hayo matatu, mwendeeni mkamwambie. Naye anayeyatimiza, mwacheni aendelee, hata siku ambayo mtoto wenu amepewa upande msioupenda ninyi.